Sikio la Upande wa Pili

Kwa miaka mingi, kila shule zilipofunguliwa mwezi wa kwanza, mimi ndiye niliyekaa kwenye meza ya kuandikisha darasa la kwanza pale Mkiwa. Meza iliwekwa nje, kando ya ukuta wa ofisi, ili kukwepa upepo. Upepo wetu wa Singida si wa kuchezea, unabeba hata daftari. Wazazi walipanga foleni na watoto wao waliopakwa mafuta mpaka wanang'aa. Wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa wala kadi ya kliniki. Ukimuuliza mama, "Huyu kazaliwa lini?" anakujibu, "Mwalimu, kazaliwa mwaka ule wa njaa." Njaa ipi? Sisi njaa tumezihesabu nyingi. Kwa hiyo tulipima kwa sikio. Mtoto ananyoosha mkono wa kulia, anaupitisha juu ya kichwa, anashika sikio la kushoto. Akilishika, ametimiza miaka saba, anaandikwa. Vidole vikiishia kwenye nywele, bado.

"Bado! Rudi nyumbani ukanywe uji, uje mwakani!" Hayo yalikuwa maneno yangu, na niliyasema kwa sauti. Watu walicheka, mtoto akarudi nyuma ya kanga ya mama yake, nikaita mwingine. Nilikuwa mkali, sikatai. Niliamini mwalimu anayechekacheka na watu mwezi wa kwanza atalia mwezi wa tatu.

Mwaka mmoja, katika foleni hiyo, akasimama mjukuu wangu.

Alikuwa mtoto wa kitinda mimba wangu. Mama yake alimwacha kwangu mara tu alipoacha kunyonya, akaenda Sekenke kupikia watu wa machimbo, kwa sababu kijijini kazi hakuna na baba wa mtoto alikuwa ameshapotelea anakokujua yeye. Nikamlea mimi. Nilimwita mke mwenzangu, kama bibi wote wanavyowaita wajukuu zao wa kike. Mume tuliyemgombania alikuwa amefariki kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo tuligombania picha yake ukutani. "Kanitazama mimi," anasema. "Wewe? Na hayo makamasi?" namjibu. Tuliishi vizuri sana.

Nilimlea kwa adabu. Shikamoo yake ilisikika kabla hujafika uani. Kula ni kwa mkono wa kulia, kupokea kitu kwa mkono wa kulia, kusalimia kwa mkono wa kulia. Alikuwa na tabia ya kupenyeza wa kushoto, na kila nilipouona nilimpiga kofi la vidole. "Mkono huo hauonyeshwi watu!" Tabia nyingine iliyoniudhi ni ya wakati wa kula. Badala ya kupeleka tonge mdomoni, alishusha mdomo kulifuata tonge. "Wewe ni kuku? Acha kudonoa! Inua mkono!" Aliinua kidogo, halafu kichwa kinashuka tena. Samaki mkunje angali mbichi, nikajisemea, nikaendelea kukunja.

Siku ile ya foleni, umri wake niliujua. Kadi yake ya kliniki ilikuwa kwenye sanduku langu la bati, chini ya vitenge, na ilisema miaka saba imetimia. Lakini madawati yalikuwa machache mwaka ule, na mwalimu mkuu wa wakati huo alikuwa ameagiza kila mtoto apimwe, awe na kadi asiwe nayo. Na macho ya foleni nzima yalikuwa kwangu. Niliwasikia wakinong'ona: wake ataingia tu, unadhani? Nikasema moyoni, leo nitawaonyesha.

"Vusha mkono," nikamwambia, kama simjui.

Akauvusha. Vidole vikaishia utosini. Akajinyoosha, akasimama kwa ncha za vidole vya miguu, akafumba macho. Vidole havikusogea.

"Bado. Rudi nyumbani ukanywe uji."

Hakulia. Aliondoka taratibu kuelekea nyumbani, peke yake, akiwa na sare mpya niliyomshonea mimi mwenyewe. Nyuma yake watu wakaguna kwa heshima. "Jamani, mwalimu huyu hana upendeleo. Hata mjukuu wake!" Sifa hizo nilizipenda. Nilizila pamoja na ugali wa uwele jioni ile, na kesho yake kisimani wanawake walinipisha nikachota maji kwanza.

Mwaka uliofuata nikampima tena. Vidole vikaishia palepale. Nilishangaa kidogo, mbona huyu hakui? Nikamrudisha nyumbani mara ya pili, nikamwongezea maziwa.

Mama yake aliposikia alikuja kutoka Sekenke kwa lori, na vumbi lote la barabara likiwa kwenye nyusi zake. Hakukaa hata kunywa maji. "Mama, shule ya kwako haina nafasi ya mwanangu? Basi nitamtafutia ya kwangu." Nikamweleza habari ya sheria. Akanitazama. "Sheria ni msumeno, nimekuelewa. Lakini umemkata mwanangu." Akamfungia mtoto nguo zake kwenye kanga, wakaondoka. Nilibaki na picha ya mume ukutani peke yangu, na nyumba ilikuwa kimya mno.

Shule ya huko hakuipata. Mama yake alikuwa anaamka kupika vitumbua, mtoto naye akawa anaosha vyombo, anachota maji, anapeleka chai kwa wachimbaji. Miaka ikaenda. Mimi nikastaafu, nikapewa saa ya ukutani ambayo haikudumu, nikafuga kuku. Wakati huo biashara huria ilikuwa imeshaingia mpaka kwetu. Njiapanda ya Mkiwa, palipokuwa na duka moja la ushirika lenye sabuni leo na kesho halina, sasa palijaa vibanda: mitumba, redio, soda za kila rangi, asali ya Itigi kwenye chupa za plastiki. Wanunuzi walikuja na malori na mizani zao, wakanunua alizeti shambani kabla hata haijakauka vizuri. Kuku wangu waliondoka kwenye matenga kwenda Dar es Salaam, mji ambao mimi mwenyewe sijafika hadi leo.

Siku moja nikapanda lori kwenda Sekenke. Nilimkuta mke mwenzangu ana miaka kumi na moja, amerefuka, anasugua sufuria kwa mchanga. Kwenye ukuta wa kibanda palikuwa na kipande cha gazeti kilichobandikwa kuzuia upepo. Nikamwambia, "Hebu nisomee hapa." Akacheka kwa aibu. "Bibi, mimi sisomi. Natazama picha." Nikakaa kwenye kigoda. Mwalimu wa miaka yote ile, mjukuu wake anatazama picha! Mama yake alikuwa amechoka, hakunibishia. Alisema tu, "Mchukue, Mama. Ila safari hii asirudishwe."

Nilimuahidi. Ahadi hiyo ndiyo iliyoninyima raha miaka miwili na nusu.

Mwalimu mkuu mpya wa shule yetu nilimpokea mimi alipotoka chuoni, kijana asiyejua hata kushika chaki. Alinisalimia vizuri, "Shikamoo, Mwalimu," akanipa kiti. Lakini habari yenyewe haikuwa nzuri. "Tangu ada zilipofutwa, darasa la kwanza wamejaa mpaka dirishani. Huyu ana miaka kumi na moja, nimchanganye na wa miaka saba? Wewe mwenyewe ungekubali?" Nisingekubali, na alijua. "Mpeleke ghalani," akasema.

Ghalani! Hapo palikuwa na darasa la watoto walioikosa shule. Jengo lilikuwa ghala la chama cha ushirika, na tangu wanunuzi binafsi waingie chama hakikuwa na cha kuhifadhi humo, basi kijiji kikalitoa. Popo darini, harufu ya karanga za zamani, mlango wa bati unaopiga kelele. Mjukuu wa mwalimu kwenda kukaa juu ya magunia ghalani! Nilitembea naye njiani nimevuta kanga usoni, nisije nikaulizwa.

Nilikusudia kumwacha mlangoni. Lakini ndani nikaona binti mmoja, mwezeshaji wao, amemaliza kidato cha nne juzi tu, na niliwahi kumfundisha. Alikuwa peke yake mbele ya kundi la watu wa kila kimo. Wachungaji waliokuja baada ya kukabidhi ng'ombe kwa ndugu zao, ndiyo maana darasa lilianza saa nane mchana. Wasichana waliorudi kutoka kazi za ndani Dodoma. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni, naye mwenyewe hajafika miaka kumi na saba. Mwezeshaji alikuwa akiandika ubaoni, na nyuma yake nusu wanapigana. Sikuweza kuvumilia. "Kaeni chini!" nikasema kutoka mlangoni. Wote wakakaa, hata mwezeshaji. Basi nilikwenda kumpeleka mtoto, nikabaki.

Mshahara haukuwapo. Mwezeshaji mwenyewe alikuwa anapata posho ya kununulia sabuni, tena kwa kuchelewa. Mimi nilipata shikamoo nyingi. Kazi zangu zilikuwa mbili: kusomesha waliobaki nyuma, na kupika uji. Wazazi walichanga unga wa uwele na karanga, kila mmoja bakuli lake, nami nikapika nje ya mlango kwenye mafiga matatu. Mwanzoni nilitaka kufundisha kama zamani, a, e, i, o, u, na fimbo mkononi. Mwezeshaji akaniomba kwa adabu niiache fimbo nyumbani. Badala yake alikuwa anawapeleka njiapanda kusoma maandishi ya nyuma ya malori. Nilisonya. Baada ya mwezi, wachungaji wakawa wanasoma "Dodoma" na "hatari" na "usitupe takataka" kwa sauti za kushangilia, nikaacha kusonya. Hesabu tulizifundisha kwa kuku. Kama tenga lina kuku kumi na wawili, na watatu wamekufa njiani kwa joto, na mnunuzi ni mwongo, umepata nini? Hilo la mnunuzi mwongo lilikuwa langu, nao walilipenda.

Jamani, nilifurahi mle ndani. Sikutegemea. Shuleni niliheshimiwa, ghalani nilipendwa, na mtu akishaonja hivyo viwili anajua tofauti yake. Yule msichana mwenye mtoto alinifundisha kucheka na wanafunzi. Mtoto wake akilia katikati ya somo, ananipa mimi nimbembeleze, naye anaendelea kuandika. Mbele yangu alikuwa mpole kupita kiasi, kumbe nyuma yangu alikuwa mchekeshaji wa darasa zima.

Ugomvi wetu mkubwa, mimi na mwezeshaji, ulihusu mkono. Wiki ya pili nilipita kati ya magunia nikamkuta mke mwenzangu anaandika kwa mkono wa kushoto. Hadharani! Nikampokonya penseli, nikaihamishia kulia. Kwa mkono wa kulia aliandika akiwa amekaa mbali na daftari kana kwamba linanuka, na herufi zilianguka huku na huko. Nikageuka tena, imerudi kushoto. "Nani kakuruhusu?"

"Mimi, Mwalimu," akasema mwezeshaji. "Hapa tunaanza na kile mtoto anachokiweza."

"Huyu ni mjukuu wangu."

"Ndiyo, Mwalimu. Na ni mwanafunzi wangu. Samahani."

Ala! Binti niliyemfundisha kufuta kamasi! Nilichukua mwiko wangu nikaenda kukoroga uji mpaka ukashika chini. Nyumbani niliendelea na sheria yangu: ghalani afanye anavyotaka, kwangu mkono ni wa kulia. Mtoto akatii kote kuwili. Huko anaandika kushoto, huku anadonoa ugali kama kuku na mimi nakemea.

Ilikuwa siku ya upepo mkali. Kuni zilikuwa mbichi, uji ukachelewa, na mwezeshaji alikuwa ameitwa ofisi ya kata. Ndani ya ghala nikasikia vicheko. Nikabeba ndoo ya uji, nikafika karibu na mlango, nikasikia sauti yangu mwenyewe.

"Haya, anayefuata! Mama, kazaliwa lini huyu? Njaa ipi? Vusha mkono! Eti unajinyoosha, nani kakwambia ujinyooshe? Bado! Rudi nyumbani ukanywe uji!"

Nilichungulia kwenye ufa wa bati. Yule msichana mwenye mtoto alikuwa amekaa juu ya debe, kanga begani kama ninavyovaa mimi, mdomo ameubinua kama ninavyoubinua mimi. Mbele yake darasa zima limepanga foleni, wanapimwa masikio, wanafukuzwa mmoja mmoja, wanaanguka kwa kucheka. Nami mlangoni nikajikuta natabasamu, maana aliniweza kwelikweli. Halafu mmoja akamuuliza, "Na wewe alikufukuza?" Akajibu kwa sauti yake mwenyewe, "Mara mbili. Mara ya tatu nyumbani wakasema basi, kachunge mbuzi."

Tabasamu likanikauka. Simkumbuki. Nimejaribu sana, na hadi leo simkumbuki.

Ikafika zamu ya mke mwenzangu. "Vusha mkono!" Akauvusha wa kulia, ukaishia utosini, wote wakapiga kelele, "Bado!" Akacheka. Kisha, kwa mchezo tu, akaushusha, akavusha wa kushoto. Ukapita juu ya kichwa bila taabu, ukashuka, ukashika sikio la kulia, ukaling'ang'ania, na vidole viwili vikafika mpaka shavuni.

"Lo! Huyu anafika mpaka sekondari!" akasema yule wa kwenye debe, na ghala zima likapiga makofi.

Niliiweka ndoo chini. Nikaukumbuka mkono wa kulia. Alikuwa na miaka minne, alipanda kihenge changu cha mtama wakati mimi niko shuleni, akaanguka. Fundi wa mifupa akauweka kwa vijiti na dawa, mwezi ukapita, mkono ukapona, akachota maji, akapiga deki, tukasahau. Mimi nilisahau. Kiwiko hakikukunjika tena sawasawa tangu siku ile. Mtoto asiyeweza kukunja kiwiko hawezi kufikisha tonge mdomoni, lazima mdomo ufuate tonge. Hawezi kuandika akiwa karibu na daftari. Na hawezi kushika sikio la upande wa pili, awe na miaka saba, awe na sabini. Nimekula naye chungu kimoja miaka yote ile nikamwita kuku.

Na ule mkono mzima ulikuwa pale pale, upande wa pili, mimi ndiye niliyeukataza.

Sikuingia na hasira wala na machozi. Niliingia na uji. Walitawanyika kama vifaranga walioona mwewe, na yule msichana akaruka kutoka kwenye debe, kanga ikamwanguka. "Mwalimu, shikamoo, tulikuwa tunacheza tu." Nikamwambia, "Marahaba. Umenipatia sauti, ila mdomo mimi huwa naubinua zaidi." Wakatazamana. Halafu wakacheka mpaka mtoto wake akaamka. Nikamchukua, nikambeba mimi, nikamwomba radhi mama yake kwa zile mara mbili. Akaniambia, "Yameshapita, Mwalimu." Akanikingia bakuli nimpakulie uji, na mimi nikampakulia mpaka ukamwagika pembeni.

Kesho yake nilimkalisha mke mwenzangu kwenye gunia la mwisho upande wa ukuta, ili kiwiko cha kushoto kisigongane na jirani. Nikachonga penseli kwa kisu. Nikamshika mkono wa kushoto kumpa. Mkono ukashtuka, ukarudi nyuma, kwa sababu mara zote nilizoushika nilikuwa naupiga. Nikaushika tena taratibu. "Andika na huu." Akanitazama usoni muda mrefu, akichunguza kama ni mtego. Mwezeshaji alikuwa ubaoni, ameona yote, na hakusema neno. Nampenda kwa hilo.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu na kadi ya kliniki mkononi. Nilimweleza yote, na kusema nimekosea ni kazi ngumu kwa mtu aliyezoea kusahihisha wengine. Alinisikiliza. Akasema yaliyopita hayarudi, darasa la kwanza hawezi kumrudisha, lakini watoto wa ghalani wataruhusiwa kufanya mtihani wa darasa la nne pamoja na wenzao. Akifaulu, darasa la tano nafasi yake ipo. Asipofaulu, umri ndio huo, itakuwa basi. "Na Mwalimu," akaongeza, "usije ukamfundisha kwa hasira ukamvuruga."

Nilijizuia. Hujui jinsi nilivyojizuia! Kila jioni kabla ya jua kuzama tulikaa uani, kuku wakipita kati ya miguu yetu, akanisomea. Nilipotaka kumkatiza nilishika ulimi, nikachambua mchele. Mara nyingine alinisomea maneno ya kwenye mfuko wa mchele wenyewe. Chakula nacho nilikibadilisha taratibu. Ugali kwa mkono wa kushoto, hapana, hapo moyo wangu ulikataa, na yeye mwenyewe alikataa. Tukapatana: bakuli nikaliinua juu ya kinu kilichopinduliwa, likawa karibu na mdomo wake. Akala ameketi wima. Jirani akaniuliza, "Mwalimu, huyo mtoto amekuwa malkia, analishwa juu ya kiti?" Nikamjibu, "Ni mke mwenzangu, ana haki zake." Tulicheka, ila usiku nikiomba niliomba habari ya mtihani tu.

Alifaulu. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho. Mwezeshaji alikuja mbio nyumbani na matokeo, kandambili moja mkononi imekatika, na kabla ya kumsalimia nilijua kutokana na mbio zile. Nikapiga vigelegele mpaka madereva njiapanda wakadhani pana harusi. Nilimchinjia mtoto jogoo, nikampelekea mama yake Sekenke paja lililokaushwa, na ujumbe kwa dereva: mwambie safari hii hakurudishwa.

Shule zilipofunguliwa tulikwenda pamoja, yeye na sare mpya, mimi na kanga ya sikukuu. Barua ya ghalani, ya kuhamia darasa la tano, alikuwa ameishika yeye. Njiani nikaona siwezi kufika kwenye meza ile bila kusema.

"Mke mwenzangu, nina neno. Ile siku nilipokurudisha, ulikuwa na miaka saba kweli. Nilijua. Na mkono wako wa kushoto ungefika."

Hakusimama. "Najua, Bibi."

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Niliporudi nyumbani nilijaribu nyuma ya kihenge. Ulifika."

Nikasimama mimi. "Sasa mbona hukuniambia? Na mwaka wa pili, mbona hukuutoa?"

Akageuka, akanitazama kama mtu anayeulizwa kitu ambacho kila mtu anakijua. "Si ulisema mkono huo hauonyeshwi watu?"

Nikainama, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu. Kiatu changu hakina kamba. Akanisubiri, akanishika kiwiko, tukaendelea.

Meza ilikuwa palepale, kando ya ukuta wa ofisi. Foleni ni ile ile, watoto wamepakwa mafuta. Mezani alikaa mwalimu mgeni, binti mdogo mwenye uso wa ukali, nikajiona mimi wa zamani. Zamu yetu ilipofika mtoto akanyoosha barua kwa mkono wa kushoto. Hakufanya makusudi, ndio mkono uliokuwa nayo.

Yule mwalimu hakuipokea. "Mkono gani huo? Nyumbani hawakukufundisha adabu?"

Foleni nzima ikatugeukia. Mkono ukaanza kurudi nyuma.

"Nilimfundisha mimi," nikasema, kwa sauti yangu ile ya mwezi wa kwanza, iliyofika mpaka barabarani. "Nilimfundisha vibaya. Huo ndio mkono wake. Pokea barua."

Akaipokea, kwa mikono miwili. Akaisoma, akafungua daftari la darasa la tano, akalisogeza, akampa kalamu mtoto aandike jina lake mwenyewe. Mke mwenzangu akainama, akaanza kuandika kwa kushoto, herufi moja moja, bila haraka. Upepo ukaja, ukataka kufunua ukurasa. Nikaushika ukurasa kwa viganja vyangu vyote viwili mpaka alipomaliza.